Haki ya Kufungua Faili

Kazi yangu ni kuamua nani afungue nini. Hospitali yetu iko upande wa Walikale. Ina seva moja, nimeifungia kwenye chumba kidogo kilichokuwa stoo ya magodoro, na vituo vya afya mpaka Mpofi vinaifikia kwa antena. Watu wakiniona huniletea simu zilizopasuka kioo. Nimechoka kueleza kwamba mimi si fundi wa simu.

Ugumu wa kazi hii hauko kwenye mashine, uko kwenye tabia zetu. Kwetu, kumnyima mwenzako neno la siri ni kama kumnyima jirani chumvi: una roho mbaya. Nilipopita wodini mara ya kwanza nilikuta maneno ya siri yamebandikwa ukutani kwa plasta ya vidonda. Niliyabandua yote, nikamnunia kila mtu, kisha nikaandika kanuni: kila mmoja aingie kwa jina lake, na faili la mgonjwa lifunguliwe na anayemtibu tu. Mkurugenzi aliisaini bila kuisoma. Nilijivunia sana ile kanuni.

Asubuhi ilipoanza kutumika, muuguzi mmoja wa wodi ya uzazi aliingia chumbani kwangu na kufunga mlango. Aliniambia ana kifafa tangu utotoni. Akimeza vidonge vyake haanguki, na alikuwa na miaka mingi hajaanguka. Kijana wa familia ya wafugaji wa Karuba alikuwa amemposa, wazee wakawa wanaandaa ng'ombe wa mahari. Kifafa bado kinaogopwa huku; wapo wasiogusa sahani aliyoitumia mgonjwa. Alitaka mchumba asikie habari hiyo kutoka kwake mwenyewe, kabla ng'ombe hawajatoka zizini.

«Kaka, dossier yangu ya ugonjwa, nani anaweza ifungua?»

«Docta wako tu, dada. Hata mimi siwezi isoma.»

Alicheka, akarudi kazini. Nilichomwambia kilikuwa kweli.

Mchana mkurugenzi akaniita. Alikuwa ameomba mafaili yafunguliwe, mashine ikamkatalia, tena mbele ya sekretari wake.

«Kwa hiyo infirmier, muuguzi tu, anaona, mimi Directeur sioni? Mimi niko nani mu hii hopitali?»

«Papa Directeur, haiko mambo ya heshima, iko mambo ya kazi. Mwenye hatunzi mugonjwa hana lazima ya kuona.»

«Niwekee zote. Sasa hivi.»

Ningeweza kukataa. Lakini alikuwa amesimama, ana umri wa baba yangu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyimwa kiti msibani. Nikampa haki zote, kwa adabu, bila hata kuketi. Jambo moja nililijua nikajifanya silijui: mkurugenzi wetu hagusi kibodi. Kwake mkubwa husema, sekretari ndiye huandika. Kumpa yeye haki ni kumpa sekretari. Wala sikumrudia yule dada kumweleza. Niliona aibu, basi.

Ng'ombe hawakuja. Familia ya Karuba ilituma maneno kwamba bado wanafikiri, halafu wakanyamaza kabisa. Yule dada alikuwa bado hajamwambia mchumba, wala mtu mwingine ila mimi. Alikuja kwangu akiwa na sare yake ya kazi, akaniuliza kwa utulivu kama kuna namna ya kujua.

Namna ipo, kwa sababu seva inaandika kila kitu. Nikamfungulia orodha. Faili lake lilikuwa limefunguliwa mara moja, kwa jina la mkurugenzi, siku ambayo mkurugenzi alikuwa Goma mkutanoni. Sekretari ni mtu wa Karuba, shangazi wa kijana yule yule. Ushahidi kwamba ni yeye sina. Hata hivyo nilianza kumlaani kwa sauti, na nilikuwa na haraka ya kumlaani.

Dada hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akisoma mistari ya juu, kidole juu ya kioo, mpaka akafika palipoandikwa nani aliyetoa zile haki, siku gani, saa ngapi.

«Hii jina njo yako?»

«Njo yangu.»

«Siku ile nilikuya kukuuliza?»

«Ile ile. Kisha midi, mchana.»

Aliondoa kidole kwenye kioo. Halafu akaniambia asante, kaka, kwa kunionyesha. Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Zile haki nimekwisha kuziondoa. Mkurugenzi alinuna wiki nzima, kisha akasahau. Mimi na dada tunasalimiana koridoni kama zamani. Kwenye mashine, faili lake, hata bila kulifungua, lina alama kwamba ameacha matibabu, kwa sababu tangu siku ile hajachukua dawa kwenye famasi yetu. Si kweli. Nimemwona getini akipokea kifurushi cha dawa kutoka kwa dereva wa lori la Goma, lililosafiri siku kadhaa kwenye matope. Vidonge anameza. Hataki tu tena sisi tujue.