Plagi Mbili za Injini ya Baba

Juzi mjukuu wangu alifungua injini ya pikipiki uani, akachomoa plagi. Harufu ya petroli iliponifika, nikakaa kitako kizingitini. Akaniuliza, "Bibi, waumwa?" Nikamwambia nimechoka tu. Sikusema uongo, mwenzangu. Nimechoka tangu miaka ya hamsini.

Kwetu Kigombe baba alikuwa na mashua yenye injini kuukuu, aliyouziwa na mzungu mmoja wa shamba la mkonge. Mama hakuipenda hata kidogo. Baba humjibu, "Kibaya chako si chema cha mwenzio."

Kila Alhamisi alichomoa plagi zake mbili, akanionyesha ncha. Ikiwa rangi ya kahawa, injini nzima. Ikijaa masizi, yanywa petroli bure. Kauri yake ikipasuka, cheche hupotea. Kuzisafisha ilikuwa kazi yangu. Nazichoma kwenye makaa ya seredani ya mama mpaka mafuta yaishe, naziweka juu ya jiwe zipoe zenyewe, kisha nakwangua masizi kwa msasa. Mama alilalamika kwamba chapati zanuka petroli, na kweli zilinuka.

Siku moja bibi yangu, mamake mama, alishikwa na tumbo, ikabidi apelekwe hospitali Tanga mjini. Injini ikakohoa, ikagoma. Baba akanipa plagi: "Mwanangu, fanya hima!" Nikazichoma. Lakini kupoa, loo, zilichelewa! Na bibi yumo mashuani analia. Nikafanya kama mama anavyozima makaa ayatumie kesho: nikazimwagia maji. Moja ikalia ta! Kauri yake nyeupe ikapata ufa mwembamba. Niliuona. Nikaupaka masizi, nikampelekea baba.

Injini iliwaka, wakaondoka, ikazimika katikati ya safari. Baba alipiga makasia mchana kutwa, mama kampakata mamake. Walipofika Raskazone, pwani ya Tanga, bibi alikwisha kata roho.

Baba alirudi na maiti, na plagi mpya za duka la Mhindi, alizozifunga mwenyewe. Ile yenye ufa aliigeuzageuza kiganjani, akanitazama sana, akaitia mfukoni.

Matangani mama alimwambia mbele ya watu, "Injini yako mbovu imeniulia mama yangu." Baba akainama. "Kweli, mke wangu. Nisamehe."

Kila walipogombana, miaka na miaka, mama alimtolea neno hilo, na baba aliomba msamaha uleule. Sasa wote wawili wamo kaburini, na mashua ilishaoza zamani. Na mimi, Yarabi nisamehe, nilikuwa nimekaa nao mkeka mmoja, nala wali, nimenyamaza.