Mchezo wa Dadu Niliouchekea

Mume wangu ni seremala. Tulipokuwa bado tunakaa mtaa wa Nguba, alichonga dadu mbili kwa vipande vya mbao vilivyobaki kazini, akazitia nukta kwa msumari wa moto. Kila Jumapili baada ya misa tulicheza ludo barazani, mimi na yeye, na mara nyingi nilishinda mimi.

Kilichomchosha ni kule kungoja sita. Siku moja alirusha zaidi ya mara kumi bila kutoa hata kete moja, akanilalamikia:

"Maman, ni mchezo gani huu? Mutu hawezi chagua kitu!"

Basi akaanza kubuni wake. Kwanza, dadu zote mbili zirushwe pamoja: moja uichague utembee nayo, nyingine umwachie mwenzako. Kisha akaziondoa kete kabisa, akachonga dadu nyingine ziwe askari. Kila moja inaanza ikionyesha sita, ikipigwa unaigeuza tano, halafu nne, mpaka iishe nguvu. Wiki nzima alikuwa akichora ubao mpya.

Jumapili iliyofuata shemeji yangu alikuja kutoka Kavumu na mke wake. Mume wangu akauweka ubao mezani hata kabla ya chakula, akaanza kueleza. Alieleza vibaya. Alirudi nyuma, akajisahihisha, mikono ikiyatangulia maneno. Mimi nilikuwa naleta sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, nikasema kwa sauti:

"Mumuone! Ludo imemushinda, sasa anatafuta ile atashinda peke yake!"

Wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Yeye naye akatabasamu, akaondoa ubao ili niweke sahani.

"Iko sawa, maman. Tukule kwanza."

Baada ya kula hatukucheza, wala Jumapili nyingine yoyote. Sikumwomba msamaha, niliona ni mzaha tu wa mke na mume. Ilipita miaka ndipo nikagundua kwamba hanionyeshi tena anachokifikiria. Siku hizi kiti kikiisha, ananiambia kimeisha. Zamani alikuwa akiniita nikaone hata mguu mmoja tu alioumaliza.

Mwaka jana binti yetu alirudi na mchezo wa dadu aliofundishwa shuleni. Nikamwambia baba yake aliwahi kutunga mzuri kuliko huo. Akamkimbilia.

"Papa, unifundishe!"

"Nilishasahau," akajibu, mkono ukiendelea kusukuma randa.

Nikakaa na mtoto tukajaribu kwa zile dadu za mbao. Kuchagua nilikumbuka, kugeuza nikakumbuka. Nikakwama kwenye dadu mbili zinapoonyesha namba ileile. Hapo ndipo alipokuwa amefika siku ile nilipomkatiza. Nikatoka kwenda kumuuliza.

"Ilikuwa mambo ya bure tu, maman."

"Haikuwa ya bure. Nilikukosea."

Akapuliza vumbi la mbao kwenye randa.

"Angalia mutoto asipoteze dé," akasema, yaani zile dadu zake.

Niliporudi ndani, binti yetu alikuwa ameshaamua mwenyewe: zikilingana, zinarushwa upya. Tukacheza hivyo. Sijui kama ndivyo alivyotaka yeye.