Mtoto wa Tatu kwa Fomu

Ile wiki nilimaliza Form Four, Susu, nyanya yangu, alinituma nimjazie fomu za koti. Babu alikuwa ameaga, na mpaka Susu aandikwe msimamizi wa mali yake, shamba la Sultan Hamud halingegawanywa. Alitaja watoto wake, mimi nikaandika mbio mbio nimalize. Baba yangu. Shangazi. Akafika kwa yule wa tatu, anko wetu wa Mombasa.

"Yuko hai?" nikauliza, sababu fomu iliuliza.

"Si yuko. Bibi yake si huyu?"

Bibi yake, anti yetu, alikuwa hapo anachambua pojo. Huyo anko sikuwa nimemwona hata siku moja. Lakini anti aliishi kwetu na watoto wake watatu, na kila jioni alimwekea bwanake maji ya kuoga kwa karai ndogo. Nilidhani ni mapenzi tu. Nikaandika: hai, miaka arobaini, Mombasa.

Huko kotini tulienda na Susu na anti, na karani alisema warithi wote waje kuweka sahihi, hata wa Mombasa. Hapo Susu akasema, sauti ile ile, kwamba huyo alikufa na surua kabla aanze shule.

Nikamgeukia anti. "Sasa hawa watoto ni wa nani?"

"Ni wake," anti akasema. "Mimi niliolewa kwa jina lake."

Karani, Mkamba mwenzetu, hakushangaa. Aliuliza kama ni iweto, Susu akaitikia. Ndio nikaelezwa: mama akifiwa na kijana, anaweza kumwolea bibi, nyumba yake isizimike, na watoto wanahesabiwa wa marehemu. Karani akaniambia nifute hiyo "hai" na nimwandike anti kama mjane. Nisipofanya hivyo, yeye na watoto watatolewa kwa shamba.

Niliandika upya. Tarehe ya kifo. Tarehe ya ndoa. Ndoa ilikuja nyuma ya kifo miaka ishirini, na mwandiko ni wangu.

Jioni anti alipeleka karai bafuni, kile kibanda cha mabati. Akaniita nilete kopi ya fomu.

"Soma. Bwanangu anataka kusikia kama tuko ndani ya fomu."

Nikasimama nje ya mlango, nikasoma haraka niende zangu. Anti akanishika mkono.

"Pole pole. Bado ni mtoto."

Nikaanza upya.