Sheria ya Mzigo

Juzi mjukuu wangu aliwaleta wenzake hapa nyumbani Tabora, wakazunguka meza na dadu na karatasi. Kila mmoja amejibunia shujaa wake wa safari, na kila anachobeba shujaa huyo kinaandikwa pamoja na uzito wake: upanga, kamba, chakula. Nikamsikia mjukuu akimwambia mwenzake, "Umezidisha mzigo. Utatembea polepole." Nikaacha kuchambua mchele.

Sisi, ndugu yangu, tuliucheza mchezo kama huo bila meza, kijijini kwetu upande wa Urambo. Tulichora kwa jivu njia ya kwenda pwani. Gunzi la mahindi ndilo mpagazi, vijiwe ndiyo mizigo, na tulirusha kokwa za ukwaju kupata hatua. Bibi, ambaye baba yake alikuwa mpagazi kweli, alitutungia sheria huku akitwanga mtama: vijiwe vikizidi kumi, gunzi lako linakwenda hatua moja tu. Ukitaka mwendo, uache kitu. "Njia haimwonei huruma mng'ang'anizi," alikuwa akisema. Mimi nilikuwa hodari wa kuacha.

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji cha Ujamaa. Trekta lilifika asubuhi na tela, nasi tulipewa safari moja tu. Mama alipakia mbegu, vyungu, majembe na kuku. Tela likajaa, na kinu cha Bibi, gogo zima la mti, kingali chini. Dereva akauliza kama tumemaliza. Watu wazima wakatazamana.

"Bibi, kinu kimezidi," nikasema. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijiona nina akili.

Bibi alinitazama kidogo. "Haya, mama. Kibaki."

Kule tulitwanga kwa kuazima. Bibi alisimama uani kwa jirani akingoja zamu, yeye ambaye zamani ndiye aliyengojewa. Mvua zilipokwisha, Baba alirudi kijijini kwa baiskeli, akakuta mchwa wamekila kinu. Bibi alimsikiliza, kisha akauliza tu kama kaburi la Babu limeota majani.

Mchezo ule hatukuucheza tena. Kijiji chetu sasa ni pori, na Bibi tulimzika mbali na mumewe. Mpaka anakufa hakunilaumu. Laiti angenikaripia hata mara moja.