Maji ya Pasi

Kwa nini bibi alimwachia mtoto wa jirani kazi ya kunyunyiza maji, ilhali mimi, mjukuu wake, nilikuwa nimesimama pale pale? Swali hilo liliamka upya mwaka huu niliporudi Magomeni, Kilosa, nikaikuta pasi ya mkaa ya bibi dirishani kwa yule yule mtoto wa jirani, ambaye sasa ni mama mtu mzima kama mimi.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Kila Jumapili jioni bibi alitandika blanketi mezani, na harufu ya pamba iliyopata moto ikajaa ua mzima. Yule binti alijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya sketi zetu za shule yakatua kama ukungu. Mimi nilipepea mkaa.

“Bibi, mbona mimi sinyunyizi?”

“Mke mwenzangu, mdomo wako umejaa maswali. Maji yatakaa wapi?”

Binti alicheka hadi maji yakamtoka puani. Roho iliniuma wiki nzima.

Chuo kikuu ndipo nilipoelewa siri ya meza ile. Nyuzi za pamba hushikana kwa vifungo vya haidrojeni: atomi ya haidrojeni, ingawa imekwisha kuungana na oksijeni yake, huvutwa pia na oksijeni ya molekuli ya jirani. Kifungo kimoja ni dhaifu. Vikiwa vingi, hushikilia marinda ya sketi siku nzima. Maji huingia katikati na kuziachanisha nyuzi. Joto likiyafukuza, nyuzi hushikana upya pale pasi ilipozilaza. Wenzangu waliandika. Mimi nilimwona bibi: ana wake, na bado anavutwa na wa jirani.

Mwaka huu, basi, nilikuwa nimekuja kuidai pasi.

“Ichukue, dada,” alisema yule mtoto wa jirani kabla sijatamka neno. “Ni ya kwenu. Bibi alinipa nimtunzie tu.”

Hapo ndipo iliponichoma zaidi. Mimi hakunipa hata cha kumtunzia. Na ua wenyewe haupo tena. Pamejengwa maduka, na sare za watoto siku hizi hunyooshwa kwa umeme.

Nilipoaga jioni ile, niliiacha pasi dirishani. Nikamwomba kesho awashe mkaa.

Asubuhi nilifika na gauni langu la pamba. Yeye alishika pasi. Mimi nilijaza maji mdomoni, nikayashika, nisiulize kitu, kisha nikanyunyiza.