Kila Jioni Dada Aliniambia "Bado"

Mimi najua kupiga piano kwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia haujui lolote.

Watu wakiniuliza ilikuwaje, nabadilisha mada. Leo acha niseme, labda kifua kitapungua uzito.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, ndiyo kazi yangu. Dada yangu alikuwa mwalimu wa piano, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Mwaka jana akapata ugonjwa wa neva, ule unaokula nguvu za mwili kidogo kidogo. Ulianza na mkono wa kushoto. Daktari hakutuficha: hautapona, na siku si nyingi.

Akaniita.

"Mdogo wangu, ule wimbo mama aliokuwa akituimbia, nataka niusikie mzima tena kabla sijaondoka. Wewe jifunze mkono wa kushoto, mimi nitapiga wa kulia."

"Dada, mimi na piano wapi na wapi?"

"Vidole si unavyo?"

"Ninavyo, ila hivi ni vya nyundo."

Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake kwa miezi. Nikakubali palepale.

Jioni ya kwanza nikaja na chaki yangu ya kuchorea chuma, nikaandika namba kwenye kila kibao cha piano ili nisipotee. Ndivyo tunavyofanya karakanani, huanzi kitu hujaweka alama.

"Wewe mtoto! Umeniharibia piano!"

Mtoto mwenyewe nina miaka arobaini na tatu. Nikafuta kwa kitambaa huku naomba msamaha.

Lakini mbinu zake, jamani, zilikuwa kiboko.

"Usiparamie wimbo wote. Chukua noti nne tu. Zipige polepole mpaka usikosee mara tano mfululizo, ndipo uongeze nyingine. Ukikosea, unaanza kuhesabu upya. Na uje kila siku, hata dakika ishirini. Ukija Jumapili tu ukakaa saa tatu, umejichosha bure."

Basi kila saa kumi na moja jioni, nikitoka karakana, niko kwake. Wiki ya tatu nikawa napiga sehemu yangu yote bila kuangalia vidole. Nilijiona bingwa.

"Haya dada, ingia sasa."

"Bado. Rudia."

Wiki ya nne: "Bado. Unakimbia."

Wiki ya tano: "Bado."

Yeye amekaa kwenye kiti kando yangu, blanketi limemfunika mpaka kifuani, macho amefumba. Hata kidole hanyanyui.

Jumanne moja nikapandwa na hasira. Mteja wa geti alikuwa amenitukana kutwa nzima, mgongo unauma, nami nafika pale naambiwa bado.

"Dada, wewe hutaki tuumalize huu wimbo! Naacha kazi zangu kila siku nakuja kuchezewa. Ukiwa tayari, utaniita."

Nikatoka, nikabamiza mlango.

Jumatano sikwenda. Alhamisi sikwenda, nikasema moyoni, acha naye aone.

Ijumaa asubuhi shemeji, mume wake, akapiga simu. Dada amefariki.

Sitaki kueleza nililiaje.

Baada ya mazishi nilimkuta shemeji amekaa peke yake chumbani kwa dada. Nikamwambia kinachoniuma: dada ameondoka bila kuusikia wimbo wake, kwa sababu alikataa kupiga na mimi.

Akatikisa kichwa.

"Shemeji, ule mkono wake wa kulia ulikufa tangu wiki yako ya pili. Hata chakula nilikuwa namlisha mimi."

Nikakaa chini.

"Nilimsihi akuambie. Akasema, 'Akijua ataona hakuna haja ya kujifunza. Mwache. Yeye akipiga kushoto, mimi nafumba macho, wa kulia naupiga kichwani. Nausikia wote.'"

Kumbe kila jioni tulikuwa tunaupiga pamoja. Ile "bado, rudia" alikuwa ananiomba wimbo tena, nami nikadhani ananidharau.

Nikauliza swali ambalo hadi leo natamani nisingeuliza.

"Na Jumatano?"

Shemeji akafuta macho.

"Ilipofika saa kumi na moja alitaka nimsogeze karibu na piano. Tukakaa mpaka giza likaingia. Alhamisi pia."

Ndugu zangu, kama unaanza piano na unataka kuijua haraka, fuata maneno ya dada: kidogo, polepole, kila siku. Yanafanya kazi, mimi ni shahidi.

Lakini ukiwa na mgonjwa wako na hamwelewani, muulize. Usisuse. Mimi nilisusa siku mbili tu, na ndizo zilizokuwa zimembakia.