Mtaalamu Niliyemshawishi Kuja Songea

Nilikuwa afisa utumishi katika kampuni ya kununua na kuhifadhi mahindi. Ofisi zetu zilikuwa mtaa wa Majengo, Songea, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Meneja alitaka mtaalamu wa kompyuta atakayetuandikia programu ya kufuatilia magunia tangu kwa mkulima hadi ghalani. Tulitangaza nafasi mara mbili. Wenye uwezo, wakishasikia kituo cha kazi ni Songea, walishukuru kwa adabu na hawakupokea simu tena.

"Mama, wavutie," meneja aliniambia. "Una maneno matamu wewe. Waambie huku kuna hali ya hewa nzuri."

Hali ya hewa ilikuwa nzuri kweli. Mengine niliyatunga.

Hatimaye nikampata binti mmoja wa Dar es Salaam, hodari kuliko wote tuliowasaili. Tulimsaili kwa simu ya video. Meneja alikaa pembeni, asionekane, akinipa ishara kwa mkono. Yule binti alikuwa na maswali kutuzidi sisi.

"Dada, mna seva yenu ya kuhifadhia taarifa?"

Meneja akatikisa kichwa kukubali. Nikasema tunayo.

"Nitafanya kazi na nani?"

Nikasema tunaunda kitengo, yeye ndiye atakayekiongoza.

"Aliyekuwepo kabla yangu aliondoka kwa nini?"

Aliyekuwepo kabla yake alichoka kutengeneza printa, akaondoka bila kuaga. Nikamjibu kwamba alipata nafasi ya kusoma. Nilisema huku natabasamu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alikuja Juni, katikati ya baridi, na kisweta kimoja chepesi. Nilimpokea stendi, nikampeleka kwenye chumba nilichomtafutia mtaa wa Mjimwema, nikamwazima blanketi langu zito. Aliniambia bibi yake mzaa mama alizaliwa Mbinga, jirani tu na Songea, kwa hiyo anajiona kama amerudi nyumbani. Nilijisemea moyoni kwamba akishazoea atanisamehe.

Asubuhi yake nilimwonyesha meza, ndani ya stoo ya karatasi. Aliuliza seva iko wapi. Nikamwonyesha kompyuta kuukuu chini ya meza ya mapokezi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Alichuchumaa, akakifunua, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ndiyo hii, dada?"

"Ni ya muda tu," nikasema.

Hakugombana. Kila siku aliitwa atoe karatasi iliyonasa kwenye printa, au afungue simu ya meneja iliyojifunga. Mhasibu alimpa kazi ya kutengeneza kadi za harusi ya mdogo wake. Katikati ya hayo yote aliandika ile programu, na ndani ya miezi mitatu ikawa tayari. Tulikwenda naye ghalani kuijaribu. Mzee mmoja aliyeleta mahindi alimwomba amsomee jina lake kwenye kioo cha kompyuta, kisha akamwomba arudie. Binti alirudia, akicheka kwa furaha. Sikuwahi kumwona akicheka vile tena.

Wafadhili waliotoa fedha za mradi ule walipokuja, programu iliwekwa kwenye runinga ya mapokezi. Wakapiga picha, wakapongeza. Walipoondoka, meneja akaagiza ghala lirudi kwenye daftari.

"Lakini inafanya kazi, bosi," binti alisema.

"Nani amesema haifanyi? Tutaiwasha wakija tena."

Wiki ile ile alileta barua ya kuacha kazi mezani kwangu. Niliisoma, nikaanza kumwambia avumilie, mambo yatabadilika. Akaninyamazisha kwa upole.

"Dada, ungeniambia ukweli ningekuja. Ungesema hatuna seva, hatuna watu, tuanze pamoja, ningekuja hata kesho yake. Mimi sikufuata seva."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Alirudisha blanketi, amelifua na kulikunja vizuri. Siku aliyosafiri sikwenda stendi. Nilijipa udhuru wa kikao ambacho hakikuwepo. Meneja alisema watu wa kompyuta hawana shukrani, kisha nafasi ile akampa mpwa wake aliyesomea masoko. Safari hiyo hatukumsaili mtu.

Niliendelea pale miaka miwili zaidi. Niliwapata wengine, madereva, walinzi, makarani, na kila nilipofungua kinywa kuisifu kampuni nilisikia harufu mbaya ya maneno yangu mwenyewe. Mara moja tu nilimpigia simu yule binti, nia yangu nimwombe radhi. Alinisalimu kwa heshima zote, akaniuliza hali ya Songea, akanipa pole ya baridi. Nikasema nilitaka tu kumjulia hali. Akashukuru, akasema wenzake wanamsubiri kwenye kikao, na kwa sauti zilizokuwa nyuma yake nilijua kwamba yeye hadanganyi.